Tuliposimama Kijitoni

Kandida, mama yangu,

Salamu naziacha, maana tumesalimiana asubuhi uliponipokea ndoo, na kesho alfajiri tutasalimiana tena kabla hujapanda gari la kwenda Mbinga mjini. Utajiuliza kwa nini naandika wakati mimi nina simu na wewe una simu. Unanijua. Kwenye simu nikifika mahali pagumu huwa nasema mtandao unasumbua, halafu nakata. Kwenye karatasi sina pa kujificha.

Umekwenda kuaga kwaya pale kigangoni na najua hamtamaliza mapema, kwa sababu wale wa sauti ya pili hawajawahi kumaliza wimbo pamoja na wenzao. Mama yako yuko jikoni anakaanga dagaa wa kwao Lituhi kule ziwani, wa kukutosha wewe na kikosi kizima. Mambo ya shuka, sabuni, malaria na wanaume wenye ahadi nyingi ameshayasema, na atayasema tena kesho ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Hayo mimi sina la kuongeza. Nitaandika habari za moto, kwa kuwa ndio unaoufuata, na kwa kuwa tangu tumzike kaka yako Beatus hatujawahi kuzungumza habari zake tukiwa wawili peke yetu.

Ulipokuja na habari kwamba umepata kazi kwenye kikosi cha kuzima moto cha shamba la miti kule Njombe, nilisema hongera haraka mno. Nadhani ulinishtukia. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kujifanya nageuza kahawa kwenye vichanja, kahawa ambayo ulikuwa umeshaigeuza. Kuanzia hapo nikawa naomba wakupangie mnarani, pamoja na wale wanaokaa juu wakitafuta moshi kwa darubini. Sijawahi kuomba kitu kwa bidii namna ile, hata mvua. Juzi ukaniambia, huku unacheka, kwamba wamekuweka na wale wanaoingia msituni na pampu mgongoni, kwa sababu siku ya majaribio uliwaacha wavulana nyuma kwenye mlima. Nikacheka na mimi. Kumbe anayestahili lawama ni mimi niliyekupandisha mlima huu na mizigo ya mahindi tangu ukiwa shule ya msingi.

Huko watakuuliza kwenu ni wapi. Ukisema Mbinga watasema, aa, kwenye kahawa, na watakuwa wamemaliza. Hawatajua ntambo ni kitu gani. Waambie ni mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, mali ya ukoo mmoja kuanzia kileleni mpaka majini. Kijito ndicho mpaka. Mtu wa ntambo mwingine anavuka kuja msibani, kuja kunywa, kuja kuposa, na wala hakuna anayemuuliza. Lakini havuki akiwa na fyekeo mkononi. Sisi ngoro zetu za kulimia zinaanza kwa kufyeka: unafyeka nyasi, unazilaza miraba miraba, unazifukia kwa udongo, na shimo linabaki katikati kutunza maji. Kwa hiyo mtu akifyeka mteremko wa mwenzake, hata kipande cha kulaza mbuzi, ameshatangaza kwamba anautaka.

Watacheka, na waache wacheke. Mimi mwenyewe siku hizi nikiisikia desturi hiyo ikielezwa nainuka naondoka.

Unakumbuka ile kesi yetu na mzee Otmari wa ng'ambo ya kijito. Ulikuwa bado mdogo lakini kelele ulizisikia. Mvua kubwa ilikuwa imehamisha mkondo wa maji, yeye akasema mpaka umehama na mimi nikasema mpaka uko palepale, tukaburuzana mpaka baraza la kata. Walituamua, tukapeana mikono mbele ya watu, na tangu hapo tukawa na adabu ya kupita kiasi. Tukikutana njiani tulisalimiana mpaka salamu zikaisha, na bado tukaendelea. Mama yako alikuwa akisema, "Nyie wazee mnasalimiana kama watu wanaoogopana." Nilimwambia ndiyo heshima ya huku milimani, watu wa ziwani hawaijui.

Na wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wazima moto wa kujitolea hapa kijijini. Waliniita kamanda. Wengine waliniita kwa kunitania lakini masikio yangu hayakusikia utani, yalisikia cheo tu. Kengele ya kigango ikigongwa mfululizo bila kupumua, kila nyumba inatoa mtu mmoja, na mtu huyo anakuja na fyekeo au panga na tawi bichi. Hatukuwa na pampu wala kofia ngumu. Malipo yetu yalikuwa togwa na maneno. Na tuliuzima moto, mama, tusidharauliane. Tulizima wa warina asali, tulizima wa wachoma mashamba ya ulezi, tulizima wa wale vijana wanaofukuza panya kwa moto halafu panya wanapona na shamba linateketea. Nilikuwa hodari, na uhodari ule ulinilevya. Nilimfokea mama Filotea mbele ya watu, mjane wa watu, kwa kuwa alituma mwanawe mwenye homa na akachelewa. Nilikuwa nawaambia vijana kwamba mzima moto hasogei pale alipowekwa. Nililisema neno hilo mara nyingi sana, na Beatus ndiye aliyelisikia kuliko wote, kwa sababu alikuwa analisikia mpaka mezani.

Sasa ile siku. Wewe ulikuwepo na ndoo yako ya maji ya kunywa kichwani, kwa hiyo sikuhadithii upya. Nataka tu ujue kwamba ninayakumbuka yote kama yalivyokuwa, na kwamba sijajitengenezea siku nyingine iliyo nafuu.

Moto ulionekana asubuhi kwenye mteremko wa mzee Otmari, juu kabisa. Nani aliuwasha, hatujui mpaka leo, na nimeacha kuuliza. Watu wake wengi walikuwa wameshuka Kihagara kwenye msiba, amebaki na wanawe wawili na wajukuu. Kengele ikalia, sisi tukashuka kijitoni, watu wengi tu, tukajipanga upande wetu. Hakukuwa na upepo. Moto ulikuwa unashuka taratibu kama mtu mwenye mzigo wa kuni, maana moto ukishuka mlima unachechemea, huo ndio wakati wa kuukamata. Hilo nililijua mimi kuliko wote waliokuwepo. Kama tungevuka, tukapanda hatua chache, tukafyeka barabara ya moto ya upana wa kitanda kukatiza mteremko ule, ungefika pale ukakosa cha kula. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na asubuhi yenyewe tulikuwa nayo.

Mzee Otmari alikuwa amesimama ng'ambo, kofia mkononi. Unakumbuka tulichozungumza? Mimi nakumbuka kila neno.

"Habari za asubuhi, mzee mwenzangu," nilisema.

"Nzuri. Za kwako?"

"Salama. Naona moshi."

"Ndiyo, umetutembelea. Vijana wanahangaika nao."

"Haya. Mkituhitaji mtasema."

"Haya, tunashukuru."

Tulizungumza hivyo, na moto unashuka nyuma yake. Vijana wangu walisikia, wakakaa chini. Wengine walianza kunoa mafyekeo ambayo yalikuwa makali tayari.

Beatus hakukaa. Alikuja mbele yangu akiwa na ile jezi ya mpira, ile nyekundu niliyomnunulia mnadani, akasema, "Baba, tuvuke. Tuukamate ukiwa unashuka."

Nikamwambia, "Hatuvuki mpaka watuite."

"Baba, hawatatuita."

"Basi tutangoja."

"Baba, upepo wa ziwani mchana utapanda. Ukifika kwenye matete haya makavu..."

"Wewe ndiye kamanda?"

Watu walicheka. Walicheka kidogo tu, kwa kuogopa, lakini walicheka, na mimi nikasikia raha. Kisha akasema neno moja zaidi, kwa sauti ya chini, lakini walio karibu walisikia: "Kesi ya mpaka iliisha, baba." Hapo nilimwondoa. Nilimwambia apande nyuma yetu, mpaka kwenye lile shamba tulilolipumzisha, akasimame katikati ya nyasi na aangalie cheche. Hakukuwa na haja ya mtu pale. Nilitaka tu asiwe mbele ya macho yangu na ya watu. Wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu na ndoo, na uliniangalia, na nilijua kwamba umenielewa. Nadhani hiyo ndiyo sababu hatujawahi kulizungumza. Wewe hukuwa na la kuuliza, na mimi sikuwa na la kukueleza ambalo ulikuwa hulijui.

Upepo wa ziwani ulipanda, kama alivyosema. Moto ulifika kwenye matete, ukanyanyuka, na kabla hatujamaliza kushangaa ukawa upande wetu na umetupita. Tuliokuwa kijitoni tuliokoka kwa sababu tulikuwa kwenye maji na matope. Mlimani juu yetu moto haukuchechemea tena. Moto unaopanda mlima hakuna mtu anayeushinda mbio, hata wewe uliyewashinda wavulana wa Njombe.

Kulia kwa Beatus, umbali mfupi tu, kulikuwa na njia ya mbuzi iliyokanyagwa mpaka ikawa udongo mtupu. Kushoto kulikuwa na viazi vitamu vibichi. Angekatiza pembeni. Lakini aligeuka akakimbia juu, kwa sababu nyumbani ni juu. Nimelifikiria hilo miaka yote hii nikiwa shambani, nikiwa kanisani, nikiwa nanyoa ndevu. Mtoto akiogopa anakimbilia kwao, na kwao ni kwangu.

Hospitali walituambia jezi ile ndiyo iliyozidisha majeraha, kwamba nailoni haiungui kama pamba, inayeyuka na kung'ang'ania. Sikuwa najua. Kamanda mzima, sikuwa najua. Nilikuwa nakagua mapanga ya vijana mmoja mmoja kama yana makali, na sikuwahi kuangalia wamevaa nini. Akiwa kitandani, Beatus aliniuliza kama kahawa imepona. Nikamwambia imepona yote, hata ile ya chini. Haikuwa imepona. Akasema, "Afadhali." Baada ya hapo hakuniuliza kitu kingine, na mama yako ndiye aliyekuwa ameshika mguu wake, kwa sababu mguu ndio mahali palipokuwa pazima.

Kuna jambo moja tu hulijui, nalo si langu peke yangu, ni letu na mzee Otmari. Alikuja hospitali. Alikuja kwa pikipiki, mzee yule anayeogopa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulikaa kwenye benchi la nje. Safari hii hatukusalimiana. Alijipangusa vumbi usoni, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nangoja uvuke. Ungevuka ningegeuka nikatazama kwingine, ningejifanya sijakuona na fyekeo." Nikamwambia, "Nami nilikuwa nangoja uniite." Akasema, "Nikuite vipi? Ningekuita watu wangesema nimekubali kwamba mteremko ni wako." Halafu yule mzee akalia kwa sauti, watu wakawa wanatutazama, mimi nikamshika bega. Mwanangu anakufa ndani, na mimi nambembeleza mtu wa kesi. Siku ile sikumchukia na mpaka leo simchukii. Ningependa kumchukia, ingenipunguzia mzigo, lakini kila nikimtazama najiona mwenyewe nimesimama ng'ambo na kofia mkononi.

Yaliyofuata unayajua. Wakaja katekista na mwenyekiti wa kijiji, koo zote mbili zikakaa uwanjani kwetu tukala pamoja, na tukakubaliana kwamba mtu akifyeka kwa ajili ya moto hajadai shamba la mtu, iwe ng'ambo hii au ile. Sasa kila mwaka mvua zikikatika, kabla nyasi hazijakauka, tunafyeka barabara za moto kuanzia kileleni kwao mpaka kileleni kwetu, na hakuna anayeuliza nani kavuka. Watu wa wilaya walikuja wakatusifu, wakasema sisi ni mfano. Mmoja aliniomba nisimame nieleze wazo lilitoka wapi. Nilisimama, nikasema lilitoka kwa mwanangu, nikaketi. Kumbe wengine walidhani mwanangu yupo, wakawa wanamtafuta kwa macho ili wampigie makofi.

Na mimi tangu siku ile sijasimama mstarini. Nilirudisha cheo, nikasema goti linaniuma, na goti kweli linaniuma, lakini haliumi kiasi hicho. Kengele ilipolia mara ya kwanza baada ya msiba nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pale mlangoni. Nilikaa tu. Wewe ukatoka ndani na panga, umevaa gauni la mama yako la kitenge juu ya suruali, nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema, "Nyumba hii inadaiwa mtu mmoja, baba. Nani ataenda, wewe?" Hukulisema kwa ubaya. Uliuliza kweli, na ulingoja nijibu. Kisha ukaenda.

Hapo ndipo uliponiuma, mama, na ndipo panaponiuma mpaka sasa. Ulikwenda mahali pangu. Siku ile na siku nyingine zote, misimu yote hii, ulipokuwa unarudi na kope zimeungua na masizi puani, ukinywa maji kibuyu kizima bila kupumua, mimi nilikuwa mtu wa kukuwekea maji ya kuoga. Nilikuwa naona fahari na nilikuwa naona aibu kwa wakati mmoja. Kama ningesimama kutoka kwenye kile kigoda, pengine leo ungekuwa unakwenda kusomea ushonaji.

Nilimwambia mama yako wiki iliyopita kwamba nitakuzuia. Alikuwa anachambua maharage, hata hakunyanyua kichwa. Akasema, "Mzuie basi. Ataondoka na hasira, na hasira zitamfanya asiangalie upepo." Yule mwanamke wa Lituhi amenishinda maneno tangu siku ya kwanza, na bado nina imani kwamba iko siku nitampata.

Kwa hiyo sikuzuii. Ninakuomba, na kuomba ni kazi ambayo sijaizoea, kwa hiyo nitaifanya vibaya.

Kuhusu moto wenyewe sina cha kukufundisha. Siku hizi unaujua kuliko mimi. Unajua kutopanda mlima ukiwa umefukuzwa, unajua kukatiza pembeni, unajua kwamba pakishaungua ndipo salama kuliko pote hata kama pana moshi. Pamba umevaa tangu siku ya kwanza, na wewe ndiye uliyewavua wavulana wote wa kijiji hiki jezi zao, mmoja ulimvua kwa nguvu mpaka mama yake akaja hapa kushtaki. Ninachotaka kukuambia ni habari za watu, kwa sababu Beatus moto alikuwa anaujua vilevile. Asubuhi ile aliuona upepo kabla haujavuma. Aliyemshinda ni mimi.

Huko utakuta mtu kama mimi. Kila kikosi kinaye. Anaweza akawa mtu mwema, mcheshi, anakula na vijana sahani moja, na kazi yake anaijua. Siku moja atakuwa na jambo lake moyoni, labda aibu, labda hataki kuonekana mjinga mbele ya mkubwa wake, labda amegombana na mtu wa shamba la jirani, na jambo hilo litamwambia awaweke mahali ambapo hapafai. Hatakuambia sababu. Yeye mwenyewe hataijua, atadhani anafanya kazi. Mimi nilidhani nafanya kazi. Nilikuwa na sauti ya mtu anayefanya kazi.

Ukimwona mtu huyo, mwambie mara moja, kwa heshima, kama kaka yako alivyoniambia. Mwambie mara ya pili. Asiposikia, usiende kusimama kwenye nyasi. Beatus alikwenda kwa sababu mimi ni baba yake na alikuwa amelelewa vizuri. Nilimlea vizuri mno. Hata alipokuwa anapanda kule, aligeuka mara moja akanitazama, nadhani alikuwa anangoja nimwite arudi, na mimi nikajifanya naangalia kijito. Mama, wewe usingoje kuitwa. Mtu akikuweka mahali pabaya, ondoka pale hata kama hajakuruhusu, hata kama anapiga kelele, hata kama wenzako wamebaki. Wavute waje na wewe kama wanavutika. Wasipovutika, ondoka ukiwalilia.

Najua ninaloliandika ni kinyume cha yote niliyowahi kusema nilipokuwa kamanda. Kama kuna mtu alikuwa anasikiliza enzi zile ataona nimechanganyikiwa. Basi na aone.

Kuna jambo jingine naogopa hata kuliandika. Naogopa kwamba unakwenda kule kwa ajili yake. Kwamba kila moto unaouzima unauzima ule. Nimekuona, ukimaliza kazi, watu wameshaanza kunywa togwa, wewe bado unazunguka unapiga visiki, unagusa magogo kwa mkono kama bado yana joto, unarudi palepale mara tatu. Ni kazi nzuri, ndivyo inavyotakiwa, moto unalala ndani ya kisiki na kuamka kesho yake. Lakini nimekuona uso wako unapofanya hivyo. Kandida, moto ule ulishakwisha. Hakuna kisiki kilichobaki cha kukizima. Kama unakwenda kwa kuwa unaipenda kazi, kwa kuwa una miguu na kifua na unapenda kuwa wa kwanza kileleni, nenda na baraka zangu zote. Kama unakwenda kumrudisha, nakusihi kaa. Sijui ni lipi kati ya hayo, na nadhani na wewe hujui vizuri. Pengine utajua ukifika.

Nasikia mmeanza kuimba wimbo wa mwisho kule kigangoni. Nasikia na ile sauti ya pili. Nitaimalizia barua hii kabla hujafika, na nitaiweka kwenye begi lako chini ya dagaa, ili uisome ukiwa umeshapita Songea na huwezi kugeuza gari.

Ninachoogopa zaidi ya moto ni aibu, kwa kuwa najua ilivyo na nguvu. Naogopa siku ambayo utaona la kufanya ni kukimbia, halafu utawaza: nitarudije nyumbani, watasema nini, binti wa yule kamanda, dada wa yule marehemu, amekimbia. Utasimama kwa sababu hiyo muda mfupi tu, na muda huohuo ndio utakaotosha.

Basi nakuahidi jambo hili, na nimemwambia mama yako awe shahidi. Kama siku hiyo itafika, na ukakimbia, ukaitupa pampu yao, ukawaacha wanakutukana, wakakufukuza kazi, ukateremka hapa njia panda mchana kweupe siku ya gulio watu wote wapo, nitakuja kukupokea. Nitakuja na goti langu hili. Nitabeba begi lako kichwani, nitapita nawe katikati ya watu, na atakayeuliza kuna nini nitamjibu kwa sauti, ile sauti yangu ya kamanda: amekimbia huyu, binti yangu, amekimbia moto, na nilimtuma mimi akimbie.

Anayekungoja njia panda,
Baba yako